Ulva au Codium: mwani upi wa kusomea ukuta wa seli?
Wanafunzi wa biolojia hapa Nairobi hubishana sana kuhusu hili. Kwa gharama, Ulva inashinda: ina tabaka mbili tu za seli, hukauka upesi na kusafirishwa kutoka Mombasa bila barafu. Codium ni nene kama sifongo, rahisi kuoza njiani. Nayo dutu iitwayo ulvani, sukari ya mnyororo mrefu yenye salfeti na iliyojaa ramnosi (aina ya sukari ndogo), hutolewa kwenye ukuta wa Ulva kwa maji moto.

Lakini kwa mageuzi ya viumbe, mimi huvutwa na Codium. Mwili mzima ni seli moja yenye viini vingi, na ukuta wake hushikwa na minyororo ya manosi (sukari nyingine ndogo) badala ya selulosi, yaani nyuzi za ukuta wa seli zilizoko kwenye Ulva na hata sukuma wiki. Ajabu hiyo inastahili gharama ya barafu. Mwenye jiko na sufuria tu achukue Ulva. Mwenye friji na hadubini, Codium.