Bloa ya Giottos na vijiti vya kufutia sensa, miezi nane mkononi hapa Mwanza

Wapiga picha wenzangu wa Kanda ya Ziwa, naandika hii kwa sababu kila tukikaa lazima mmoja atoe simu aonyeshe picha yenye madoa angani, yani vumbi lililokaa kwenye sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha), na jibu analopewa ni lilelile, peleka kwa fundi. Mi nilipeleka. Nitasema kilichotokea huko. Ila sasa hivi nina bloa yangu (kipampu cha mpira cha kupulizia vumbi kwa mkono) na pakiti ya vijiti vya kufutia sensa na nimevitumia vya kutosha kusema kipi kina thamani na kipi unaweza kuacha kwanza.

Nianzie Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, pale Bujora Kisesa. Kama umewahi kupiga picha Bulabo unalijua lile vumbi. Bagika huku Bagalu kule, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, kila upande unavuta watu, wa ngoma ya bugobogobo wanarusha majembe juu, uwanja mzima unakua mwekundu hewani, na wewe una bodi moja (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi mbili, 24-70 ya karibu na 70-200 ya mbali, unabadilisha humohumo vumbini maana mcheza nyoka hakusubiri wewe umalize kutafuta kivuli. Siku ile nilibadilisha lenzi sijui mara ngapi. Na picha zote zikatoka safi kabisa, kwaiyo sikua na wasiwasi wowote.

Hapo ndo tunaponasa wengi. Nilikua napiga f/2.8 na f/4 siku nzima, na apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ikiwa wazi hivyo kivuli cha vumbi kinatawanyika hukioni. Ukilibana tundu kwenda f/11, f/16, mwanga unaingia umenyooka, kivuli kinakaza, unapata kidoa cha duara cheusi. Kwaiyo unaweza kutembea na sensa chafu mwezi mzima unapiga send-off na kitchen party ukumbini bila kujua chochote.

Mi nilijua wiki mbili baadae. Harusi, jioni, tumeshuka ufukweni karibu na lile jiwe la Bismarck, jua linazama, nikabana f/16 ili maharusi na jiwe vyote vikae shapu, na juu ni anga tupu la ziwa ambalo ndo linaumbua kila kitu. Nilifuta madoa niliyoyaona kwenye kompyuta, mengine yakanipita. Picha ikachapwa kubwa ya kutundika sebuleni. Siku ya kuipeleka shangazi wa bibi harusi akaisogelea, akavaa miwani, akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, hizi nukta hapa juu ni ndege?" Nilimwambia hapana shangazi, ni kosa langu, nitaichapa upya. Nikaichapa kwa hela yangu.

Fundi sasa. Simtaji na wala sina ugomvi nae, ila alichofanya kisikukute. Alichukua pamba ya kawaida, akachovya spiriti, akafuta huku na huku kama anafuta kioo cha saa. Nimerudi nyumbani nikapiga karatasi nyeupe, madoa yamepungua kweli, ila kuna mchirizi mrefu kama wimbi na vinyuzi vya pamba vitatu. Alitaka pia kupulizia na ile kompresa wanayopulizia kompyuta, hapo nilimkatalia. Kompresa inatoa hewa kwa nguvu ya ajabu na mara nyingi ina mafuta na unyevu ndani yake. Hata ile hewa ya kopo usiitumie, ukiinamisha kopo inatoka gesi ya kimiminika inagandia kwenye kioo. Na kupuliza kwa mdomo ndo kabisa usifanye, mate hata ya tone dogo yanakauka yanakua doa baya kuliko vumbi.

Baada ya hapo nikaagiza vitu vyangu Dar vikaja na basi. Bloa ni Giottos Rocket Air, ile kubwa yenye umbo la roketi. Kitu kinachoifanya iwe tofauti na vile vipampu vya bei chee ni valvu, hewa inaingia kwa chini kwenye kitako, inatokea mbele kwenye mdomo. Vile vingine vinavuta hewa kupitia mdomo uleule, yani unapuliza vumbi alafu unalivuta unalipuliza tena. Mpira wake ni mzito, unasimama wenyewe mezani, na mkono mmoja unatosha kuubana. Miezi nane haijapasuka wala kulegea, na jua la huku unalijua. Angalizo tu, ikifika mpya ibane mara kumi ishirini pembeni kabla hujaielekeza kwenye kamera, na usiitupe ovyo ndani ya begi, ina mfuko wake wa plastiki kwangu.

Kiukweli bloa peke yake imenimalizia kazi mara nyingi kuliko vijiti. Naweza kusema kwenye kila mara nne, mara tatu sijafungua kijiti. Ndo maana mtu akiniuliza anunue nini kwanza namwambia bloa, vijiti vitafuata.

Namna ninavyofanya mi. Kwanza picha ya kupima, ISO 100, f/16 au f/22, lenzi kwenye manuali imefokasi mbali kabisa, napiga karatasi nyeupe au skrini nyeupe ya simu kwa karibu huku nikitikisa kamera kidogo ili alama za karatasi zisionekane. Vyote vinavyobaki vimekaa palepale ni vumbi la sensa. Alafu betri, iwe imejaa, hii sio ya kuchezea. Mi natumia Nikon D750, kwenye menyu kuna sehemu ya kunyanyua kioo kinachokaa mbele ya sensa kwa ajili ya usafi, betri ikiwa ndogo haikubali hata kufunguka, na sababu ni kwamba betri ikikata kati kioo na shata (pazia la sensa) vinashuka juu ya kijiti chako. Nikishatoa lenzi naigeuza kamera mdomo uangalie chini, napuliza mara kadhaa bila mdomo wa bloa kuingia ndani, vumbi linadondoka lenyewe. Narudia kipimo.

Kuhusu wapi unafanyia, hapa nisikilize sana maana maelezo mengi yameandikwa na watu wa kwenye nyumba zenye kapeti na viyoyozi. Mi nakaa Buzuruga, barabara ya mbele ni ya vumbi, kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane ukipitisha kidole mezani saa mbili baada ya kufuta unaandika jina. Kwaiyo nafanyia bafuni. Namwagia maji sakafu na kuta, nafunga mlango nusu saa vumbi la hewani litue, ndo naingia na kamera ikiwa juu ya ndoo iliyogeuzwa nimetandika kitambaa kisafi. Feni hapana. Jioni dirisha lifungwe kabisa kwa ajili ya wale wadudu wa ziwani, siku wakipanda kama moshi wanafuata taa na hutaki hata mmoja atue ndani ya kamera iliyo wazi. Sisi bahati yetu ziwa halina chumvi, wenzetu wa pwani wana vumbi na chumvi pamoja.

Vijiti sasa. Ni vya plastiki, ncha pana kama mwiko mdogo iliyovikwa kitambaa laini, kila kimoja kimefungwa kwenye pakiti yake. Saizi ndo jambo la kuangalia kabla hujatoa hela. Fulufremu, zile kamera za sensa kubwa, sensa yake ni 36 kwa 24 mm, unataka kijiti cha 24. Zile kamera za APS-C, za sensa ndogo zaidi, sensa ina urefu wa kama 15 au 16 mm kwenda juu, unataka cha 16. Jamaa yangu alinunua vya 24 kwa Canon yake ndogo, havikuingia, na vijiti huwezi kuvikata na mkasi.

Maji yake ya kusafishia natumia Eclipse, ni methanoli, inakauka haraka bila kuacha alama. Ni sumu na inawaka moto, kwaiyo iwe mbali na watoto na mbali na jiko, na chupa ifungwe mara moja. Matone mawili pembeni ya ncha, sio zaidi, ukizidisha unapata michirizi ileile ya fundi. Subiri sekunde chache yasambae, weka kijiti upande mmoja, vuta mpaka upande wa pili mara moja bila kusimama, geuza uso wa pili wa kijiti urudi. Basi, kijiti hicho kimeisha, tupa. Najua kinauma kutupa kitu ambacho hakina hata doa la kuonekana, mi mwenyewe mkono ulisita mara ya kwanza, ila punje moja ya mchanga iliyobaki kwenye ncha ukiirudisha inakwaruza. Kinachoguswa sio sensa yenyewe, ni kioo cha kichujio kilichokaa mbele yake, lakini kioo hicho kina mipako na kukibadilisha ni hela ya kununulia kamera nyingine iliyotumika. Wa mirolesi (kamera zisizo na kile kioo cha kunyanyua) zenye sensa inayocheza kuzuia mtikisiko, shika mkono mwepesi zaidi.

Kitu kimoja kilichonipotezea vijiti viwili mwanzoni, doa likionekana juu kushoto kwenye picha, ukiitazama sensa kwa mbele kamera ikiwa imesimama doa liko chini kushoto. Juu chini vinageuka, kushoto inabaki kushoto.

Bloa naipa 5 kwa 5. Vijiti naviwekea 4, vinasafisha vizuri sana, mchirizi wa spiriti ulitoka kwa vijiti viwili, lakini pakiti yangu ilikua na kumi tu na duka la Mwanza lenye saizi zote sijalipata, unaagiza unasubiri, na ukiwa na harusi Jumamosi kusubiri basi kunakera. Agiza mapema kiangazi hakijaanza.

Vimebaki vinne. Viwili nimeviweka kwa ajili ya Bulabo inayokuja, na safari hii nimeazima bodi ya pili ili 70-200 isitoke kwenye kamera siku nzima.