Mikia laini kwenye spinabaiti: upi unafaa, upi unaharibu kazi

Watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna spinabaiti tatu, za gramu 7, 10 na 14, pamoja na mikia laini ya plastiki ya aina nne. Tunatafuta jibu moja tu: mkia upi unakisaidia chambo hiki kumshawishi besi, samaki wa maji baridi anayewinda samaki wadogo, na upi unakiharibia.

Kama chambo hiki ni kigeni kwako, tazama hapa. Ni waya mmoja uliokunjwa. Mkono wa juu umebeba vijiko vinavyozunguka, mkono wa chini una kichwa cha risasi, sketi ya silikoni na ndoano. Mkia unavishwa kwenye ndoano, nyuma ya kichwa, ndani ya sketi. Unakinenepesha chambo na kukipa mtikisiko kwa nyuma. Lakini pia unakiinua, na hilo ndilo wengi hulisahau. Plastiki inashika maji, hivyo chambo cha gramu 10 chenye mkia mnene kinazama taratibu na kinapita juu zaidi kuliko kilivyokuwa kitupu. Ukitaka kina kilekile, vuta polepole zaidi au panda hadi gramu 14.

Sasa mikia yenyewe. Huu wa kwanza ni wa panda, ncha mbili nyembamba kama manati. Hauna kelele, unapepea tu. Kwangu huu ndio wa kuanzia, kwa sababu haugombani na kijiko cha aina yoyote. Wa pili una umbo la dagaa, mwili umenyooka, ncha imechongoka. Unafaa maji maangavu, besi anapofuata samaki wadogo na wewe unavuta haraka. Wa tatu umepinda kama mundu. Unatikisika hata ukivuta polepole sana, ila ncha yake ni ndefu na laini, samaki huing'ata hiyo ncha na kukuachia ndoano.

Wa nne ndio unaopendwa zaidi madukani, na ndio unaowasumbua watu: mkia wa kasia. Una kisahani huku mwisho kinachopiga kushoto na kulia. Peke yake ni mzuri mno. Tatizo linakuja ukiufunga kwenye spinabaiti yenye kijiko cha Colorado, hiki cha mviringo. Colorado ndicho kijiko kinachopiga maji kwa nguvu, na mapigo yake ndiyo unayoyasikia mkononi. Ukiweka kasia kubwa nyuma yake, mapigo mawili yanaingiliana, mkono unasikia mtetemo usioeleweka, na chambo chepesi kinaanza kuyumba. Kasia ipeleke kwenye vijiko viwili vya willow, hivi vyembamba kama jani, ambavyo vinatoa mng'aro zaidi kuliko mtetemo. Colorado ipe mkia mtulivu, wa panda au wa dagaa.

Kwa urefu, kipimo changu ni hiki: gramu 7 isipite inchi 3, gramu 10 inchi 3 hadi 3 na nusu, gramu 14 inaweza kubeba inchi 4.

Kuvisha ndiko kunakoharibika zaidi, kwa hiyo tuende taratibu. Sukuma nyuzi za sketi mbele, zishike kwa vidole. Laza mkia kando ya ndoano, pua yake ikigusa risasi, kisha weka alama pale ndoano inapoanza kupinda. Hapo ndipo ncha itatokea. Kama mwili ni mrefu na sehemu inayocheza iko mbali na ndoano, kata mbele, upande wa pua, sentimita 1 au zaidi. Usikate nyuma, utaondoa kile ulichokinunua. Ingiza ncha katikati kabisa ya pua, ufuate ule mstari wa kalibu mgongoni, utokee kwenye mstari huohuo. Kabla ya kusukuma mwisho, tia tone moja la supaglu shingoni mwa ndoano, sukuma hadi risasi, acha dakika moja. Bila gundi, mkia utateleza kila samaki akigonga, na mkia uliojikunja kwenye ndoano unakilaza chambo ubavu.

Sasa tupime. Kupima spinabaiti hapa Moshi hakuhitaji ziwa. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, wenye maji yanayokwenda kama mtu anayetembea unatosha. Zungushia ncha ya ndoano utepe, shika mshipi wa mita moja, kiache chambo kisimame kwenye mkondo. Anza bila mkia. Kikiinama, waya ndio umepinda: utazame kwa mbele, na kwa plaizi uurudishe mkono wa juu uwe mstari mmoja na ndoano. Kikisimama sawa, sasa visha mkia. Kikiinama baada ya hapo, usiuguse waya, kosa liko kwenye mkia. Utoe, uvishe upya. Watu wengi hukunja waya kufidia mkia uliopinda, na wanaishia na makosa mawili.

Besi wa upande huu anayejulikana zaidi yuko Ziwa Naivasha, ng'ambo ya Namanga na Nairobi. Aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920. Mwaka 1970 wakaletwa ziwani kamba wekundu wa Louisiana, nao besi anawala. Ndiyo maana mkia wa kahawia au mwekundu uliokolea una nafasi yake pale, hasa mvua zikichafua maji, na kijiko cha Colorado juu yake. Pitisha chambo sambamba na ukingo wa mafunjo, si kuelekea ndani yake. Na ndani ya mafunjo hayo kuna viboko, kwa hiyo mwendesha mashua akisema tuondoke, mnaondoka.

Ukiguswa mara tatu bila kunasa, kwanza fupisha mkia. Ikiendelea, ongeza ndoano ya pili: pitisha tundu lake kwenye ncha ya ndoano kubwa, kisha zuia kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, duara la milimita 6. Ncha zote zitazame juu. Kwenye magugu mengi iondoe, itazoa majani tu.

Kuhusu kuhifadhi: jua la Moshi ndani ya gari linaikunja mikia. Uliopinda utumbukize sekunde 15 kwenye maji yaliyochemka, unyooshe juu ya sahani, mwagia maji baridi. Na mikia ya kampuni ya Z-Man iliyotengenezwa kwa ElaZtech, ile inayovutika kama mpira, usiichanganye na plastiki ya kawaida kwenye kopo moja. Zikigusana zinayeyushana, unafungua na kukuta uji. Kila moja ibaki kwenye mfuko wake, imelala bapa.