Kambi ya Pwani kwa Familia Yenye Watoto: Ipi Ichaguliwe Kwanza

Mzazi anayetafuta mahali pa kupiga kambi pwani kwa kawaida huvutwa na picha moja: hema lenye mlango wazi, na hatua chache mbele yake mawimbi yakivunjika. Picha hiyo ni nzuri, na kwa watu wazima wawili yaweza kuwa sababu tosha ya kulipia nafasi. Kwa familia yenye watoto wadogo, nafasi hiyo haimo katika mbili za kwanza ninazozipendekeza. Kambi inayowafaa watoto ni ile ambayo bahari iko karibu kiasi cha mtoto kufika kwa miguu yake bila kubebwa, lakini haiko karibu kiasi cha kufika peke yake wakati wazazi bado wamelala. Mengine yote, yakiwemo vyoo, maji ya bomba, kivuli na malipo, yanakuja baada ya hilo.

Ninazungumzia kambi za kawaida za mashambani: kiwanja cha nyasi au mchanga, bomba la maji, vyoo, mabafu machache, na mwenyeji anayeishi karibu. Hakuna bwawa la kuogelea wala mkahawa, na watoto hawavikumbuki wakishapata mchanga na ndoo. Kwa kuwa huduma ni chache, kila iliyopo ina uzito wake, na kosa la kuchagua huonekana tangu usiku wa kwanza.

Bahari itazamwe kabla ya kambi

Ufuko unaowafaa watoto huteremka polepole, una mchanga mgumu, na umekingwa na rasi au mwamba, ili mawimbi yafike yakiwa yamekwisha nguvu. Ufuko mrefu ulionyooka, ulio wazi kwa bahari kuu, hupendeza macho, lakini ndiko mikondo inayowavuta watu kuelekea kilindini hupatikana zaidi. Mkondo wa namna hiyo hutokea pale maji yaliyoletwa na mawimbi yanaporudi baharini kupitia mfereji mwembamba katikati ya mafungu ya mchanga, na mara nyingi huonekana kama njia tulivu isiyo na povu, hata mtoto akaiona kuwa ndiyo sehemu salama ya kuingilia. Mwogeleaji hodari hawezi kushindana nao. Hutoka kwa kuogelea sambamba na ufuko mpaka aupite, na mtoto wa miaka 7 hawezi kutarajiwa kulikumbuka hilo akiwa ameshikwa na hofu. Kwa sababu hiyo, ukipata ufuko wenye waokoaji, hata kama ni mwendo wa robo saa kutoka kambini, uhesabu kuwa sehemu ya kile unachokilipia. Katika nchi nyingi, bendera yenye nyekundu juu na njano chini huonyesha eneo wanalolilinda, na watoto waogelee baina ya bendera mbili za namna hiyo, si kando yake.

Jambo la pili ni kujaa na kupwa kwa maji. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa hupita zaidi kidogo ya saa 6. Wengi hawafahamu kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja: hutambaa mwanzoni, kisha katika saa ya tatu na ya nne peke yake hupanda karibu nusu ya kimo chote. Watoto wanaojenga ngome juu ya fungu la mchanga hawaoni lolote mbele yao, kwa sababu maji huingia kwanza nyuma yao, katika bonde lililo kati ya fungu na ufuko. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti huwa kubwa zaidi, na ghuba ndogo iliyozungukwa na majabali inaweza kufunga njia ya kurudi. Ziko pia fukwe ambazo maji yakipwa hukimbilia mamia ya mita na kuacha tope. Siku mbili za likizo zinaweza kupita huku saa nzuri za kuogelea zikiangukia alfajiri na jioni. Jedwali la maji la wiki mnayokusudia kwenda lisomwe kabla ya kutoa arbuni.

Upepo nao uulizwe. Unaotoka nchi kavu kwenda baharini huifanya bahari ya karibu ionekane shwari kama sahani, na hapo ndipo hatari ya maboya ya kujazwa hewa ilipo. Asubuhi moja nilisimama ndani ya maji ya magotini, boya la mwanangu likiwa umbali wa mkono wangu, bila mtu juu yake. Nilipiga hatua moja, nalo likasogea mbili. Nikapiga tatu, nalo likawa limeshapita pale ambapo miguu yangu ingegusa chini. Katika muda wa kumwita mama yake lilikuwa nukta. Tangu siku hiyo maboya ya namna hiyo hayamo katika mizigo yetu.

Kuhusu usafi wa maji, alama ya Blue Flag, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985 na kusimamiwa na Foundation for Environmental Education, ni dalili nzuri pale ilipo, ila fukwe nyingi za mashambani hazijawahi kuiomba, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa uchafu. Angalia zaidi kijito kinachokatiza ufuko. Watoto wadogo hukipenda kwa sababu ni cha kina kifupi na hakina mawimbi, lakini kama kinatoka katika malisho ya mifugo, baada ya mvua kubwa hubeba kila kilichokuwa ardhini, na ni afadhali wakae mbali nacho, na hata na bahari iliyo karibu nacho, kwa siku moja au mbili.

Kutoka hemani hadi chooni

Kigezo hiki hakipigwi picha, nacho ndicho kinachoamua kama familia italala. Mtoto wa miaka 4 huamka saa nane za usiku na kusema anataka kwenda haja. Mzazi hutafuta tochi, kisha viatu, na kimoja huwa kimejaa mchanga wenye umande. Zipu ya hema hupiga kelele, mdogo wake huamka, nao wote watatu huanza safari kwenye nyasi zenye kamba za mahema ya watu wengine. Mita 50 za safari hiyo zinavumilika. Mita 200 huishia vichakani, au katika kulowesha godoro.

Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada kupanga makazi ya dharura, vinataka choo cha pamoja kisizidi mita 50 kutoka makazini, na kwa uchache choo kimoja kwa watu 20. Sioni sababu ya familia iliyolipa kukubali chini ya kipimo hicho. Muulize mwenye kambi ana vyoo vingapi na hupokea mahema mangapi siku ya kujaa kabisa, kisha ugawanye mwenyewe. Choo cha shimo au cha mbolea si kasoro kikiwa safi, chenye taa au ndoano ya kuning'iniza tochi, na tundu ambalo mtoto hataliogopa. Kasoro kubwa ni kukosa mahali pa kunawa mikono karibu na mlango. Bomba nalo liwe la maji ya kunywa, na hilo lithibitishwe kwa maneno ya wazi, kwani katika baadhi ya mashamba bomba la kiwanjani ni la kunyweshea mifugo.

Mpangilio wangu wa chaguo

Nafasi ya kwanza naipa kambi iliyo nyuma ya vilima vya mchanga au ukanda wa miti, mwendo wa dakika 5 hadi 10 kwa hatua za mtoto kutoka ghuba iliyokingwa. Vilima hivyo huvunja upepo, huzuia mchanga usiingie katika chakula, na hufanya kazi ya mlango: mtoto hawezi kwenda majini bila kupita njia moja inayojulikana, ambayo mzazi anaweza kuitazama akiwa anapika. Kambi za namna hii huwa za kwanza kujaa, kwa hiyo nafasi iwekwe mapema. Udhaifu wake ni ardhi. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Beba virefu vyenye bapa pana, au fukia mfuko uliojazwa mchanga na kufungwa kamba. Njia rasmi ya kupita vilimani ifuatwe, kwa kuwa nyasi zinazoshikilia mchanga huo hufa zikikanyagwa mara kwa mara.

Ya pili ni kiwanja cha shamba kilicho mwendo wa robo saa au nusu saa kutoka ufukoni. Wengi hukipita kwa sababu hakionyeshi bahari, nami nadhani wanakosea. Nyasi hushika vigingi, uzio unaonyesha mwisho wa kiwanja, na mwenyeji huwa hapo hapo mchana na usiku. Watoto wa miaka 6 kwenda juu hupata mengi ya kutazama hata siku ambayo bahari imechafuka. Gharama yake ni safari: mwavuli, maji, taulo na mtoto aliyechoka vyote hubebwa kurudi, mara nyingi kwa kupanda. Kwa mwenye mtoto wa miaka 2 au 3, kikapu cha magurudumu huamua. Ikiwa njia inapita katika barabara ya magari isiyo na ukingo, kishushe hadi nafasi ya nne.

Kambi ya ufukoni kabisa naiweka ya tatu, ingawa kwa familia ambayo mtoto wake mdogo ana miaka 10 na anaogelea vizuri inaweza kupanda hadi ya pili. Raha yake ni ya kweli: unakunywa chai ya asubuhi huku maji yakirudi. Lakini upepo hauna kizuizi, chumvi hukaa katika kila nguo, kivuli mara nyingi hakipo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, jua linapokuwa kali zaidi, na mzazi wa mtoto mdogo hapati hata dakika moja ya kuangalia upande mwingine.

Ya nne ni kando ya hori au mlango wa mto. Maji yanaonekana kama bwawa, na mzazi hujiambia kuwa hapo ndipo penye usalama kuliko kote. Maji yakianza kupwa, yote yaliyoingia hutoka kupitia mlango ule ule mwembamba, kwa kasi inayoweza kumwangusha mtu mzima aliyesimama. Ongeza tope linalonasa miguu na mbu wa jioni. Naikubali tu pale ambapo mwenyeji anaonyesha sehemu mahususi ya kuogelea na saa zake.

Juu ya genge ni mwisho. Nimeona mandhari ya huko na sitayasahau, lakini uzio wa ng'ombe haumzuii mtoto, upepo wa usiku hukunja nguzo za hema, na ngazi mia za kushuka ufukoni ni ngazi mia za kupanda na mtoto mgongoni. Watoto wakiwa wakubwa, sawa. Kupiga kambi mahali pasipo na mwenyeji, choo wala bomba sikuingizi katika mpangilio huu kabisa kwa watoto walio chini ya miaka 8.

Simu kabla ya malipo

Ramani za picha za setilaiti husaidia kupima umbali, ingawa hazisemi picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Mazungumzo ya dakika 10 na mwenye kambi hufaa zaidi. Muulize maji yakipwa mtu hutembea hatua ngapi hadi kufika majini. Anayeujua ufuko wake hujibu papo hapo. Uliza pia magari yanaegeshwa wapi, kwa sababu kiwanja ambacho magari hupita katikati ya mahema si cha watoto, na kama moto unaruhusiwa. Makaa yaliyofukiwa mchangani hukaa na moto kwa saa nyingi bila kuonekana, na mtoto anayepita pekupeku huungua vibaya. Yazimwe kwa maji mengi. Jiko la makaa lisiingizwe hemani hata kama linaonekana limezimika, kwani gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua waliolala.

Kuhusu malipo, linganisha jumla ya usiku mmoja, si bei iliyotangulizwa. Wengine hutoza kwa hema, wengine kwa kila kichwa, na wengine huongeza gari na maji ya moto. Kwa familia ya watu 5 mpangilio wa bei unaweza kugeuka kabisa. Masharti ya kurudishiwa arbuni ikitokea dhoruba yapatikane kwa maandishi.

Mkifika, msishushe mizigo kwanza. Nendeni ufukoni na mtoto mdogo kuliko wote akitembea mwenyewe, mkitazama saa. Tafuteni mstari wa mwani mkavu ulio juu kuliko mingine yote, kwani ule mbichi ni wa maji ya leo tu, nao mkavu ndio uliofikiwa na bamvua. Rudini mkipitia chooni. Ikiwa nafasi mliyopewa iko chini ya mstari huo, au katika mfereji mkavu wa maji ya mvua, au chini ya mti wenye matawi yaliyokufa, ombeni nyingine kabla kigingi cha kwanza hakijaingia ardhini.