Usukani mrefu, nyaya za kutengenezewa kwa kipimo: uzoefu wangu

Usukani niliouweka kwenye pikipiki yangu unapanda sentimita 12 juu ya ule iliokuja nao, na unarudi nyuma kidogo kuelekea kifuani. Mabega yametulia na mgongo hauniumi tena. Ila usukani wenyewe ndiyo kazi rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye nyaya za klachi na resi, na hizo ndizo ninazozitolea maoni hapa, kwa sababu nimefunga za aina zote mbili: seti ya jumla inayouzwa tayari, na zile unazotengenezewa kwa vipimo vyako.

Nianze na ile seti ya jumla, ambayo simshauri mtu ainunue. Maelezo ya muuzaji yalitaja nyongeza ya inchi 6, yaani kama sentimita 15, na kwamba inafaa usukani mrefu. Basi. Waya wa klachi ulipofika, ganda la nje lilitosha vizuri, likapita njia yake bila kubana. Tatizo lilikuwa kile kipande cha waya wa ndani kinachotokeza nje ya ganda: kilizidi cha waya wa kiwandani kwa milimita 15 hivi. Nikafungua adjasta, yaani skrubu ya kurekebisha ulegevu wa waya, ya kwenye mkono wa klachi mpaka uzi ukakaribia kuisha, nikafungua na ya chini kwenye injini, bado waya ulikuwa unalegea. Ukiingiza gia ya kwanza huku umebana klachi mpaka mkono unagusa mpini, pikipiki inataka kwenda. Niliirudisha seti nzima.

Hapo ndipo penye siri ya nyaya hizi, na wauzaji wengi hawaisemi. Ukipandisha usukani, kinachoongezeka ni urefu wa ganda. Kile kipande cha ndani kinachotokeza lazima kibaki vilevile kama cha waya wa kiwandani, maana mkono wa klachi haujabadilika na injini haijabadilika. Ganda likiongezeka sentimita 12, waya wa ndani kwa ujumla nao uongezeke sentimita 12 hizohizo, isizidi wala isipungue. Kwa hiyo muuzaji anayekutajia namba moja tu hajakwambia kitu. Mwulize vipimo viwili: urefu wa ganda, na urefu wa waya unaotokeza adjasta ikiwa imefungwa yote.

Mara ya pili niliagiza za kutengenezewa. Kuna makampuni yanayofanya kazi hiyo kwa oda, kama Barnett ya Marekani na Venhill ya Uingereza, na karakana ndogo zenye fundi anayejua kuyeyusha risasi kwenye vichwa vya waya nazo zinaweza. Unawapelekea waya wa zamani kama sampuli na unawaambia ganda liongezwe kiasi gani.

Kiasi hicho usikitoe kwenye kimo cha usukani. Usukani wangu umepanda sentimita 12, lakini waya wa klachi ulihitaji 10 tu kwa sababu njia yake imenyooka zaidi sasa, huku ule wa resi ukihitaji 13. Na usipime kwa kamba. Kamba inakata kona kali ambazo waya hauwezi kuzikata, kwa hiyo itakupa kipimo kifupi. Nilitumia ganda la waya mkuukuu, nikalipitisha njia halisi: chini ya tangi, kando ya kichwa cha fremu, mpaka kwenye mpini. Kisha nikazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, na mpaka mwisho kulia, nikachukua ile namba kubwa.

Wapo wanaoongeza sana ili wawe salama. Sikubaliani nao. Waya uliozidi lazima uuzungushe mahali, na kila kona unayouongezea inaongeza msuguano kati ya waya na ganda lake. Klachi inakuwa nzito, na resi inachelewa kurudi.

Nilichagua nyaya zenye mrija wa Tefloni, plastiki inayoteleza, ndani ya ganda, na tofauti niliisikia kwenye vidole siku ileile. Hizo hazitaki grisi nzito, inanasa vumbi na kuziba. Kwa nje nilikataa ganda la chuma cha kusuka lililo wazi. Linapendeza, lakini likigusana na tangi linakula rangi kama msasa. Lililofunikwa plastiki nyeusi halina shida hiyo.

Resi yangu ina nyaya mbili, wa kuvuta na wa kurudisha, na hapa sitaki utani. Acha uchezaji, yaani ulegevu kabla waya haujaanza kuvuta, wa milimita 2 hadi 6 kwenye mpini, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Washa injini ikiwa nyutro, zungusha usukani huku na huku mpaka mwisho. Mlio ukipanda hata kidogo, waya ni mfupi au unabanwa mahali, na usitoke nayo barabarani. Ukiachia mpini, urudi wenyewe kwa nguvu, usukani ukiwa upande wowote.

Breki yangu ya mbele ni ya mafuta, kwa hiyo inatumia mpira wa kupitisha mafuta, si waya. Nao nilibadilisha, nikaweka wa chuma cha kusuka wenye plastiki juu. Huo upimwe gurudumu likiwa limeinuliwa hewani na shokapu zimenyooka kabisa, la sivyo utakaza ukiruka shimo. Washa za shaba ziwe mpya kila upande wa bolti inayofunga mpira. Mafuta ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki lililo kwenye usukani, na funika tangi kwa kitambaa kwa sababu mafuta ya breki ya DOT 4 yanababua rangi. Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki kulinisumbua, maana kwa usukani mrefu mpira unaweza kupanda juu kabla ya kushuka, na hewa inakaa pale palipo juu. Nililegeza kopo nikaliinamisha mpaka sehemu ile ikawa chini yake, povu likatoka.

Nyaya za umeme za swichi zangu zilitosha bila kuungwa.

Klachi sasa ni laini kuliko ya kiwandani na resi inarudi safi. Lalamiko langu ni kusubiri tu, kwa sababu oda inachukua muda. Nilichofanya ni kufunga usukani mpya kwa kuushikiza, nikapima kila kitu, kisha nikarudisha wa zamani nikaendelea na safari zangu mpaka mzigo ulipofika. Sampuli nilizotuma zilikuwa nyaya za akiba, si zile zilizokuwa kwenye pikipiki.