Uzoefu wangu na Tiana's Bayou Adventure: muziki mtamu, poromoko lisilo na sababu

Nianze na jibu ambalo wengi wanalitafuta: ndiyo, Tiana's Bayou Adventure, mchezo wa kupanda mtumbwi majini katika Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney kule Florida, inastahili foleni yake. Muziki ni mtamu, sanamu za mashine zinazojisogeza ni za kiwango cha juu, na unashuka umelowa huku unacheka. Ila mimi na wifi yangu tulibishana juu yake kuanzia getini mpaka nyumbani, na ubishi wetu ni ule ule walio nao mashabiki wa bustani hizi tangu ifunguliwe Juni 28, 2024: je, mchezo huu una hadithi, au una sherehe tu?

Kwa asiyejua, huu si mchezo uliojengwa upya kutoka chini. Mlima ni ule ule, mfereji wa maji ni ule ule, na mitumbwi ya magogo inapita njia ile ile iliyokuwa ya Splash Mountain, mchezo uliofunguliwa Disneyland, California, mwaka 1989 na kufika Florida mwaka 1992. Juni 2020 Disney walitangaza kwamba watauvua mavazi ya zamani na kuuvika ya Tiana, binti mfalme wao wa kwanza Mweusi, kutoka filamu ya The Princess and the Frog ya mwaka 2009. Wa Florida ulifungwa Januari 2023, wa California ukafuata mwezi wa Mei. Tokyo peke yake ndiyo waliobaki na ule wa zamani.

Sababu ya kuubadilisha naielewa na naiunga mkono. Splash Mountain ilitokana na filamu ya mwaka 1946, Song of the South, inayoonyesha Weusi wa mashambani Georgia kama watu walioridhika na hali yao chini ya wazungu. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi Marekani, kiliipinga tangu ilipotoka. James Baskett, Mweusi aliyekuwa mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, hakuhudhuria uzinduzi wake Atlanta kwa sababu mji ule ulikuwa wa ubaguzi. Mtu mwenye filamu yake hakuweza kuketi ukumbini na wenzake. Disney wenyewe hawajaiweka kwenye huduma yao ya filamu mtandaoni. Kwa hiyo anayelia kwamba "siasa zimeharibu mchezo" mimi simo katika kundi lake.

Lakini niliupanda ule wa zamani kabla haujafungwa, na jambo moja siwezi kulinyamazia. Ile ilikuwa hadithi ya Sungura. Sungura yetu huyu huyu! Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, walivuka bahari na ngano zao, na sungura mjanja akaishi mashambani Marekani kwa jina la Br'er Rabbit. Sisi tuliolelewa na paukwa pakawa tulimtambua bila kutambulishwa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia jinsi Sungura alivyokataa kushiriki kuchimba kisima, akawa anaiba maji, mpaka Kobe alipopakwa ulimbo mgongoni akamnasa. Wanyama wakataka kumuua. Sungura akasema, "Ukitaka nife haraka, nishike mkia, unizungushe, kisha unipige chini." Wakamshika mkia, akachomoka, huyooo!

Sasa, Splash Mountain ilikuwa imejengwa juu ya ujanja huo huo. Sungura anatoka kwao kutafuta visa, Mbweha na Dubu wanamwinda, mwishowe wananasa windo lao. Mtumbwi wako unapandishwa gizani, tai wawili wanakucheka juu ya kichwa, na unamsikia Sungura akimwomba Mbweha amfanye lolote ila asimtupe kwenye kichaka cha miiba. Hapo ndipo unaporomoka mita 15 hivi, ndani ya miiba. Na miiba ndiyo kwao! Amezaliwa humo. Wewe uliyekuwa ukipiga kelele unatokea upande wa pili ukiwa mshindi, bendi inapiga, kila mtu anaimba. Mtu ambaye hakuwahi kuiona filamu ile, na wengi hawakuiona, alielewa kila kitu kwa mwili wake. Tumbo lilipopanda kooni, hadithi ilikuwa imefika kileleni sekunde ile ile. Nimepanda michezo mingi ya maji na sijaona mwingine uliounganisha vitu hivyo viwili namna hiyo.

Ya Tiana inasemaje? Tiana ameanzisha kampuni ya chakula, Tiana's Foods, ambayo ni ushirika wa wafanyakazi wenyewe, kwenye mgodi wa zamani wa chumvi. Ni msimu wa Mardi Gras, sherehe kubwa za mitaani za New Orleans, anaandaa sherehe kubwa, na anakosa wanamuziki. Anatuomba tumsaidie kuwatafuta kwenye vinamasi. Louis, yule mamba mpiga tarumbeta, anatuongoza. Tunawakuta fisi maji, rakuni, sungura, dubu na vyura, kila kundi na ala zake na mdundo wake. Mama Odie, yule bibi mganga wa filamuni, anatufanya wadogo kama vyura ili tuwasikie vizuri, halafu ni lazima turudishwe ukubwa wetu, na kurudishwa huko ndiko kuporomoka. Baada ya hapo, sherehe.

Hapo ndipo wapinzani wanaposhikilia. Hakuna adui. Dokta Facilier, yule mchawi wa filamu mwenye vivuli vinavyotembea vyenyewe, hayumo kabisa. Hakuna kinachoweza kupotea: wanamuziki hawajatekwa, wako porini wanapiga muziki kwa raha zao. Na poromoko halina uhusiano na lolote lililotangulia.

Wifi yangu aliposikia hivyo alikuja juu. "Wifi, wewe kila hadithi lazima iwe na mchawi? Huyu binti kwenye filamu kateseka vya kutosha. Kafanya kazi usiku na mchana, kageuzwa chura, baba yake kafa hajaiona ndoto yake. Mwacheni siku moja afanye sherehe!" Hoja yake ina uzito, na ndiyo wanayoitoa wengi wanaoutetea mchezo huu, hasa akina mama Weusi wenye mabinti. Wanasema raha yenyewe ndiyo hadithi. Wanasema wengine wote wanaruhusiwa michezo ya kuimba na kuelea tu, iweje ya Tiana ipimwe kwa mizani ya peke yake?

Nami nakiri kwamba nilipomwona, nilisahau hoja zangu kwa muda. Tiana wa kwanza amesimama ukingoni, amevaa suruali na kofia ya safari, si gauni. Sura yake haikurushwa kwa taa kama ilivyofanywa kwenye baadhi ya michezo mingine. Ni uso wenyewe unaosogea. Macho yanageuka kabla ya kichwa, kama mtu aliyesikia sauti yako. Mpwa wangu alimpungia mkono, na nikamwona akisubiri kupungiwa. Foleni nayo imejaa kazi ya watu waliojali: jiko la Tiana, ofisi yake, redio inayozungumza, na harufu ya beignet, maandazi ya New Orleans, inayokufanya ushike tumbo. Wabunifu walikwenda New Orleans kujifunza, na walimwita PJ Morton, mwana wa mji ule, akatunga wimbo mpya, "Special Spice", anaouimba Anika Noni Rose aliyekuwa sauti ya Tiana tangu filamuni. Miondoko ya zydeco, muziki wa Weusi wa Louisiana, na ya Kikuba ndani ya mchezo ni ya kweli, mtu anayependa ngoma atajua.

Shida ni kwamba hadithi nyingi ya Tiana imebaki kwenye foleni. Ushirika, mgodi wa chumvi, baba yake: yote yako ukutani, unayasoma ukiwa umesimama. Ukishaketi kwenye mtumbwi unabaki na "tumempata mwingine!" mpaka juu ya mlima. Na mimi simwambii wifi kwamba lazima awepo mchawi. Ninachodai ni sababu ya kuanguka. Filamu yenyewe inayo: Facilier anamwahidi Tiana mgahawa aliouota maisha yake yote, naye anaikataa ile ahadi kwa sababu anajua baba yake alipata nini maishani hata kama hakuupata mgahawa. Huo ndio wakati wa kumpandisha mtu gizani, vivuli vikitembea ukutani, sauti ikimnong'oneza achukue njia ya mkato, halafu hapana! na mtumbwi unadondoka. Mlima ule ule, maji yale yale, na binti anayeshinda kwa moyo wake kama Sungura alivyoshinda kwa akili yake.

Kwa anayepanga kwenda: mtoto awe na urefu wa sentimita 102 au zaidi. Safari ni dakika kumi hivi, nyingi zake ni za kuelea taratibu, kwa hiyo hata mama mkwe wangu asiyependa vishindo aliimudu. Safu ya mbele inalowa kuliko zote. Simu itie kwenye mfuko wa nailoni. Panda mara moja mchana na mara moja usiku ukiweza, maana vimulimuli na taa za nje vinapendeza zaidi giza likiingia.

Muziki na sanamu nazipa nyota tano, hadithi nyota mbili na nusu. Wifi anatoa tano kote, na mpwa yuko upande wake.