Breki za Subaru Uwanjani: Ununue Nini Kwanza?

Mzunguko wa tano, uwanja wa mbio wa Athi River karibu na Nairobi, nilikanyaga breki kabla ya kona na pedali ikazama hadi kwenye kapeti. Nikapampu mara mbili, ikashika kidogo, nikapita kona polepole kama gari la harusi. Gari ni Impreza WRX, diski za kiwandani za milimita 294 mbele, na mafuta ya breki ambayo sikumbuki yaliwekwa lini. Jioni hiyo nilikuwa tayari kukopa ninunue breki kubwa za Brembo. Fundi wangu akaniambia nitulie kwanza.

Jiulize breki ilikufaje. Pedali ikilegea na kuzama, mafuta yamechemka na kuna mvuke ndani ya paipu. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, pedi, zile zinazobana diski, ndizo zimezidiwa na joto. Ni magonjwa mawili, na muuza spea hatakuuliza unaumwa upi.

Joto lenyewe si mchezo. Gari la kilo 1,500 likipunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80, hutoa joto la megajuli 1.1 hivi. Tuseme breki za mbele zinabeba asilimia 70: diski ya kilo nane na nusu itapanda karibu nyuzi 100 kwa mkanyago huo mmoja, na kona nyingine iko sekunde chache mbele. Sisi wa huku juu tuna mkosi wa ziada. Kwenye mwinuko wa Nairobi hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo upepo unaopita kwenye diski hauondoi joto kama ungeliondoa pwani.

1. Mafuta ya breki. Hayapoozi chochote, lakini ndiyo ya kwanza na sibishani na mtu. Kiwango cha chini cha DOT 4 mpya (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ni kuchemka kwa nyuzi 230. Yakishanyonya maji, 155 tu. Mafuta ya mbio kama Motul RBF 600 huchemka kwa 312 yakiwa mapya. Nunua chupa za nusu lita zenye sili, usikubali iliyofunguliwa dukani, na utoe upepo uliomo kwenye paipu za breki kabla ya kila siku ya mbio. Yangu ya zamani yalitoka na rangi ya strungi. DOT 5 ya silikoni usiiguse. Haichangamani na hizi nyingine.

2. Njia ya upepo hadi kwenye diski. Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi ya kweli. Diski za mbele zina uwazi kati ya nyuso mbili, na mapezi ya ndani huvuta hewa katikati na kuitema ukingoni, kama feni. Kwa hiyo upepo upelekwe kwenye jicho la diski, karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukiupuliza kwenye uso mmoja tu, upande mmoja utapoa na mwingine ubaki moto, na hapo unakaribisha nyufa.

Seti kamili ina mdomo kwenye bampa (wengi hutoa taa za ukungu na kutumia matundu yake), paipu ya milimita 75 hivi, na bati lenye mdomo linalochukua nafasi ya lile bati la vumbi nyuma ya diski. Bati hilo ndilo la kukagua kabla ya kulipa: likiwa halielekezi hewa katikati, umenunua pambo. Paipu iwe ya silikoni yenye waya ndani. Ya kwanza niliuziwa na duka moja mjini kwa jina la "ya mbio". Ilikuwa plastiki, ikayeyuka siku ileile na kunuka hadi nyumbani. Ukishafunga, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa chini, uone kama tairi linaigusa paipu.

Kama bajeti haifiki huko, kuna kibao cha plastiki kinachofungwa kwenye mkono wa chini wa suspensheni na kupotosha upepo kuelekea kwenye diski. Porsche huviweka kwenye 911 GT3, si utani. Fundi wa jua kali anaweza kukukatia cha bati la alumini, ila matuta ya barabara zetu yatakionea, kwa hiyo kifunge na zip tai zinazokatika kabla ya chuma kupinda.

3. Pedi za mbio. Kwa ule ugonjwa wa pili, wa pedali ngumu, hizi zinapanda hadi nafasi ya kwanza. Zinapiga kelele, na baadhi hazishiki vizuri zikiwa baridi. Usiende nazo kazini asubuhi.

4. Kalipa (kile kinachoshika pedi na kuzibana) na diski kubwa. Brembo za STI, ndugu mwenye nguvu zaidi wa WRX, zina diski za milimita 326, na ni kweli sufuria kubwa huchelewa kuchemka. Lakini linachemka. Bila upepo umenunua mizunguko michache zaidi kwa bei ya injini iliyotumika. Utahitaji pia rimu za inchi 17, na uangalie nafasi za bolti: STI kuanzia 2005 ni 5x114.3 (bolti tano kwenye duara la milimita 114.3), WRX ya miaka hiyo 5x100.

Diski zilizotobolewa matundu? Hapana. Nyufa huanzia kwenye matundu. Zenye mifereji zinatosha. Paipu za breki zilizosukwa kwa chuma zinakaza pedali vizuri, ila hazipoozi kitu.

Ukitaka kujua kama umenunua cha maana, paka ukingo wa diski zile rangi za kupimia joto: kijani hubadilika kwenye nyuzi 430, rangi ya chungwa 560, nyekundu 610. Kisha mzunguko wa mwisho uendeshe taratibu bila kugusa breki, na ukiingia maegeshoni usivute hendibreki. Weka gia ya kwanza, na jiwe nyuma ya tairi.