Walilibusti gari langu usiku, kisha likazima lote barabarani

Nimeitumia huduma hii ya msaada wa barabarani mara moja tu, na sitaki kumwona tena fundi yule akifungua boneti ya gari langu. Betri ilikuwa imeishiwa nguvu kwa sababu niliacha taa zikiwaka tangu jioni. Kila nilipozungusha ufunguo, starta ilitoa mlio wa tik-tik na taa za dashibodi zikafifia. Aliyepokea simu alikuwa mstaarabu, na fundi alifika mapema kuliko nilivyotarajia. Hayo nayasema kwa haki.

Gari liliwaka mara tu alipolibusti, yaani alipoliwasha kwa umeme wa betri nyingine. Angeishia hapo, leo ningekuwa naandika maneno mengine kabisa. Lakini injini ikiwa bado inanguruma, alichukua spana, akalegeza kibanio cha waya wa hasi na kukichomoa kwenye betri, ati anapima kama alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka, inachaji betri. Nilimwambia kwa upole kwamba magari ya siku hizi hayapimwi hivyo, kwa sababu betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, na ukiitoa ghafla volti zinaweza kuruka juu zikaunguza kompyuta ya gari. Hakunitazama. Alijibu, "Mama, wewe kaa ndani ya gari, mambo ya waya tuachie sisi." Kisha akakirudisha kibanio kwa kukisukuma na kiganja, akakigonga mara mbili kwa mpini wa spana, akafunga boneti na kuniletea karatasi nisaini. Nilisaini, na bado najuta.

Sikufika mbali. Nilipopunguza mwendo ili nikate kona, injini ilikwamakwama, ikazima, na kila kitu kikazima nayo: taa za mbele, dashibodi, taa za tahadhari, hata milango haikuitikia kitufe. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Binti yangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, na gari lilikuwa limesimama barabarani usiku bila taa hata moja ya kuwaonya wanaotoka nyuma. Nilimtoa mtoto, tukasimama pembeni, nikawa nawamulikia wenye magari kwa tochi ya simu huku mkono ukinitetemeka.

Nilipompigia fundi yule, alinijibu kabla sijamaliza kueleza: "Alteneta imekufa hiyo, mama. Nunua nyingine." Hakuliona gari wala hakuniuliza swali hata moja. Alteneta ikifa, kwa kawaida taa ya betri huwaka kwenye dashibodi, gari likaendelea kula akiba ya betri, taa zikafifia taratibu, ndipo injini ikazima. Gari linapozima lote kwa mara moja, cha kwanza kushukiwa ni njia ya umeme iliyokatika: kibanio kilicholegea, waya wa hasi unaoshika bodi, au fyuzi kuu. Kama mimi nisiye fundi nalijua hilo, yeye anayelipwa kwa kazi hiyo alikosaje kulijua?

Hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba, kwa sababu waliponitumia fundi wa pili, kijana mdogo kuliko yule, nilipata huduma ambayo sijawahi kuipata kwa fundi yeyote. Alinisalimu, akahakikisha mtoto yuko salama, kisha akauliza, "Lilizima polepole au ghafla?" Nilipomjibu, alishika kile kibanio kwa vidole viwili tu, kikazunguka kama pete iliyopwaya, na papo hapo taa za dashibodi zikawaka na kuzimika. Chini yake kulikuwa na ungaunga mweupe ambao hakuna aliyeushughulikia. Aliusugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza nati kwa spana namba 10, kisha akabusti upya, na safari hii waya mweusi wa mwisho aliubana kwenye chuma cha injini mbali na betri, akinieleza kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni ambayo cheche yaweza kuilipua. Alinionyesha mita: volti 14.2, injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimewashwa. Alteneta nzima kabisa, hiyohiyo niliyoambiwa nikaitupe.

Kwa ajili ya kijana huyo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne, na kwa siku kadhaa niliwasifu mbele ya jirani zangu. Kisha likaja jibu la malalamiko yangu, sentensi moja tu, kwamba hitilafu ilitokana na uchakavu wa gari la mteja. Uchakavu! Kibanio kilikuwa kimekaza miaka yote hadi mkono wa fundi wao ulipokilegeza. Ungaunga ule ulikuwepo, nakubali, lakini ungaunga haulegezi nati.

Basi nyota zangu zimerudi kuwa moja, ingawa najua inamwonea yule kijana, na huenda nikilala nikaamka nitaiongeza. Sidai fedha. Nataka waandike, kwa maneno yao wenyewe, kwamba fundi wao aliondoka bila kukaza nati moja.